Hodi ya Alkesh

Walthamstow, Januari 2001

Yaya Thérèse, dada yangu mpendwa,

Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Jirani yetu Alkesh huwasha gari kabla hakujapambazuka, analiacha lingurume mpaka barafu iyeyuke kwenye kioo. Shemeji yako Albert kila akilisikia alikuwa anaingia chini ya kitanda. Unayakumbuka magari yaliyokuja alfajiri kuchukua watu kule Uvira.

Basi nikaenda kwa jirani, nimemtanguliza Miradie wangu. Kiingereza cha huyo mtoto, yaya, hata walimu wake wanashangaa! Alipomaliza hotuba yake, Alkesh akacheka: "Mama, sema nami tu, mimi nimezaliwa Kisumu." Nikamweleza habari za Albert. Akaacha kucheka.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, anapiga hodi dirishani kwetu: "Mzee Albert, ni mimi Alkesh! Nawasha gari!" Mtaa mzima unaamka. Mume wangu anajibu, "Washa, mwanangu," kisha anakoroma kulishinda hilo gari.

Leo nimekuta kitanda kitupu. Nikainama kutazama chini yake, hayuko. Nikachungulia dirishani: Albert yuko nje, amevaa koti langu, anamkwangulia Alkesh barafu.

Mdogo wako mwenye raha,
Mama Miradie