Tairi la Mbele Kushoto

Jumatatu, 13 Mei

Pancha tatu tangu asubuhi. Tatu! Na sijafika hata nusu ya njia ya makaburini. Jumamosi ni siku ya kusafisha makaburi, bonde zima linakuja na majembe na masufuria ya chakula, na njia yote imezibwa na mathenge, miti hii ya miiba. Nelda, mke wangu, naye anakuja. Kapiga simu kutoka Abilene, kwa dada yake, alikohamia tulipomzika Royce wetu. Kasema atakuja "kwa ajili ya mtoto." Kwa ajili yangu hakusema. Sikuuliza.

Kosa ni letu wenyewe, wanaume wa huku. Majira ya baridi tunapitisha mashine ya kufyekea juu ya mathenge, shamba linaonekana safi, tunajisifu. Chini vinabaki visiki vimechongoka, vinakauka, vinakuwa mikuki. Royce alikuwa akinicheka — "Baba, unapanda misumari. Ng'oa na mizizi." Nikamwambia siku atakayonunua dizeli yeye, atang'oa yeye.

Jumanne, 14 Mei

Jirani yangu Hollis kaleta matairi mawili ya ndege, makuukuu, kayapata mnadani. Tumeyafunga kwenye mashine ya kufyekea. Anasema haya yamebeba ndege iliyotua na vifaru vya vita tumboni, mwiba utayafanya nini? Ya trekta ndogo kashauri niyapeleke mjini yakajazwe povu, lile linaloganda ndani kama mpira. Hakuna upepo, hakuna pancha. Trekta kubwa hakuitaja. Iko nyuma ya ghala chini ya turubai tangu Februari, na mimi siigusi.

Nikamwambia kuna ile gundi ya majimaji, unaimimina kwenye valvu tu, rahisi. Akatema mate pembeni.

"Hiyo inaficha ugonjwa, mzee, haitibu. Uliwahi kuitumia?"

Nikasema hapana. Nimesema hapana upesi sana, hata akaniangalia.

Jumatano, 15 Mei

Mjini kutwa. Povu limejazwa. Nimekula maharage ya kopo nimesimama. Nyumba kimya.

Alhamisi, 16 Mei

Trekta imekuwa nzito na inarusha mgongo wangu, lakini nimepita juu ya visiki vilevile vya Jumatatu na hakuna kitu. Hakuna! Nilipofika mwisho wa njia nikazima injini nikalia. Mtu mzima, kofia mkononi. Ningekuwa na akili hii Februari.

Basi niandike, maana hapa hakuna wa kusoma.

Ijumaa ile niliona kipande cha kisiki kimeingia ubavuni mwa tairi la mbele kushoto, la trekta kubwa. Nikakichomoa. Nikamimina gundi, nikajaza upepo, likasimama vizuri. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba! Tairi lilitaka kutupwa, mimi nikaliziba. Kesho yake Royce akauliza, "Baba, tairi hili vipi?" Nikamwambia liko sawa, nenda. Nikaenda mjini kununua chumvi ya ng'ombe. Likapasuka kwenye mteremko juu ya kijito, trekta ikapinduka, ikamlalia.

Watu wakasema ni mbio zake. Kweli, Royce alipenda mbio tangu akiwa na baiskeli. Nelda akalia, akasema, "Nilimwonya mimi, nilimwonya mtoto huyu apunguze mbio." Nami nikanyamaza. Miezi mitatu nimemtwisha mwanangu kosa langu, naye hawezi kujitetea. Nilimpenda kuliko pumzi yangu, na hivi ndivyo nilivyomfanyia.

Ijumaa, 17 Mei

Njia imekwisha. Nimenyoa ndevu. Nimefanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo. Maneno matatu tu — "Tairi lilikuwa bovu." Hayatoki.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika ndani ya gari.

Hakuna aliyepata pancha. Wamenishika mkono, wamesifu njia. Nelda kaja na bakuli la viazi, kakonda. Kanisalimia kama anavyomsalimia mchungaji. Tukapalilia kaburi pamoja, yeye upande wa kichwa, mimi miguuni. Mikono yetu haikugusana. Halafu akaanza kumkaripia Royce, polepole, kama zamani akimwamsha.

"Mkaidi wewe. Ungepunguza mbio, leo ungekuwa hapa unamaliza viazi vyangu."

Akalipiga jiwe la kaburi kofi dogo. Akaacha mkono wake palepale.

Ikanitoka tu. "Hakuwa na mbio."

Akageuka. "Wewe umejuaje? Ulikuwa mjini."

Nikamwambia ngoja, nachukua jembe garini. Jembe lilikuwa mkononi mwangu. Alikuwa analiona.

Sasa nimekaa hapa na daftari badala ya kumjibu mke wangu. Hollis anamwita akale. Bado kapiga magoti. Sasa kasimama. Kavua glavu, kaziweka juu ya jiwe. Anakuja huku.

Kafika. Mlango hajaufungua. Anauliza tena, sauti ya chini kabisa — "Alvis, umejuaje?"