Eti Atatunzwa

Alkhamisi. Bado nina hasira, hata mwandiko wangu mbaya.

Eti "atatunzwa." Hivyo ndivyo alivyosema meneja wa ile hoteli ya Sur, huku Oman, mbele yangu, mtoto begani. Miaka yote hii mume wangu Seif anapiga udi pale baa kila Alkhamisi, na leo ujira umekatwa wote. "Usijali bibie, wateja watamtunza."

Nani asiyejua tuzo zinakwenda wapi? Mtu anainuka na noti yake, anacheza kidogo, anampa mwimbaji mkononi, anarudi kukaa. Mpiga udi yuko nyuma, hakuna anayemtazama. Na meneja ni mtoto wa Unguja kama sisi, analijua hilo vizuri.

Nikamwambia, "Kaka yangu, kutunza ni huku." Nikamwonyesha Salma. "Kila siku, apendeze asipendeze."

Akacheka. Seif akaninong'oneza, "Mama Salma, basi. Nitapiga leo tu."

Leo tu. Na Alkhamisi ijayo itakuwa leo tu.

Nikauchukua udi nikatoka. Salma nikamfunga kwenye kiti chake nyuma, udi nikauweka mbele, nao nikaufunga mkanda. Nikawasha gari nikangoja. Sikuwa na hakika kama atakuja. Hilo naliandika hapa tu, sitamwambia.

Akaja, akasimama kwenye mlango wa gari. "Na mimi nikae wapi?"

"Nyuma, na mwanao."

Tukarudi nyumbani Al Kamil. Alimwimbia Salma tu, njia nzima.