Birika la Mama Mkwe Limo Ndani ya Boneti

Mshauri mheshimiwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya lori, kwa sababu nyumbani sina uso wa kukaa.

Mimi ni dereva na fundi wa lori la kijiji chetu cha ujamaa, juu milimani upande wa Chome, nami ndiye ninayeteremsha kahawa hadi Same na kupandisha mbolea na chumvi, na injini ya lori hili ina turbo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa nyingi, ndiyo maana linapanda milima yetu likiwa limejaa pomoni, lakini injini yenye nguvu hivyo hupenyeza moshi kando ya pistoni ukajaa tumboni mwake pamoja na mvuke wa oili, na usipopata njia ya kutokea hupasua sili zinazozuia oili isivuje, na njia iliyokuwapo ilikuwa mpira mmoja uliochoka, uliopeleka mvuke na oili moja kwa moja kwenye turbo, hata tukipanda tulitoa moshi wa buluu mpaka watu wa bondeni wakadhani tunachoma msitu.

Nilihitaji chombo cha kuitega oili njiani: mvuke uingie juu, oili ibaki chini, hewa safi itoke pembeni iende kwenye turbo. Nikajaribu kibuyu, kikapasuka kwenye kona ya tatu, nikajaribu debe, halikuenea, ndipo siku moja nikaliona birika kabatini. Birika hilo la enameli, jeupe lenye maua ya buluu, mama mkwe alimpa mke wangu Yudith siku ya arusi yetu, na halitumiki ila kwa wageni, na wageni kwetu huja baada ya mavuno, basi nikahesabu kwamba nina miezi minne, nikakitoboa kifuniko nikaingiza mpira wa injini, ndani nikajaza nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, mdomo nikauunganisha na turbo, chini nikafunga bolti ya kumwagia oili, nikalibana kwa mkanda wa chuma kando ya betri, na naapa, mshauri, sijapata kuona kitu kilichopangwa kikapangika namna ile, mipira yote inateremka sawasawa, hakuna unaoning'inia, hakuna tone, hata nikisimama kupumzika hufungua boneti nikatazama tu.

Wiki iliyofuata wakaja wageni wa chama cha ushirika bila taarifa. Yudith akafungua kabati.

"Baba watoto, birika liko wapi?"

"Birika lipi?"

"Kwani tunayo mangapi?"

Nikasema labda limeibwa. Neno hilo tu. Yudith akakumbuka kwamba asubuhi ile jirani yetu Mama Honorata, ambaye ni mjane na ndiye muuzaji wa duka la kijiji, aliingia jikoni kuomba kaa la moto, na kabla ya jua kutua kijiji kizima kilikuwa kinamjua mwizi. Mzee Tumainieli, balozi wetu wa nyumba kumi, akapiga pembe kama ya kuita watu kwenye msaragambo, watu wakatoka na majembe wakidhani ni kazi ya mfereji, na kwa kuwa ndugu zake Mama Honorata wanakaa vitongoji vya mbali, msako ukafanywa kwa lori. Dereva nani? Mimi. Mzee alikaa mbele pamoja nami.

"Siku hizi gari halitoi moshi," akasema. "Umelifanyaje?"

"Nimepanga mipira tu, mzee."

"Hebu fungua boneti nione."

"Kuna moto, mzee, utaungua."

Akatoa kichwa dirishani akawaambia waliopanda nyuma, "Mnamwona kijana mwangalifu? Mngekuwa wote hivi, birika lisingepotea!"

Walipekua mpaka chini ya vitanda na ndani ya maghala ya mahindi. Hawakupata kitu, nao wakasema huo ndio ushahidi kwamba amelificha vizuri. Siku hizi Mama Honorata akifika mferejini kuteka maji, wanawake wanasogeza ndoo zao. Juzi nilimpakia kwenda Same, akaniambia, "Mwanangu, wewe peke yako hukunitazama vibaya. Mungu akulipe." Nikabadili gia.

Baraza litakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na wakimtia hatiani atatolewa dukani, naye hana riziki nyingine. Naomba unishauri: nilifiche birika vichakani lipate kuokotwa, ingawa kifuniko kina tundu na linanuka oili, au nisubiri kahawa iishe, maana nikilitoa sasa injini itarudi kumeza oili, turbo itakufa na kijiji kitakosa lori, au wewe huko mjini unaweza kunipatia birika lililo sawa na hilo? Maua ni matano, moja limebanduka kidogo.

Tafadhali usilitaje jina langu.

Dereva, Upareni

*

Marahaba, dereva.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Mpira, bolti, mkanda na nyuzi za chuma umevieleza kwa mapenzi ambayo mkeo angefurahi kuyapata walau siku ya Jumapili. Jina lako umeniomba nilifiche. La Mama Honorata umeliandika wazi bila kusita. Nimeliacha palepale, kwa kuwa watu waliolisikia likichafuliwa ni lazima walisikie likisafishwa.

Nakuhurumia kwa jambo moja. Umekabidhiwa lori la watu wote, hukupewa vipuri, ukatumia akili. Nilimwonyesha barua yako fundi mmoja mstaafu, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema kwamba mpangilio ni sahihi kabisa. Ameongeza kwamba oili inayobaki humo usiirudishe kwenye injini, kwani imechanganyika na maji, bali uimwage kila mwisho wa safari. Na kwa baridi ya huko kwenu uzitazame nyuzi za chuma mara kwa mara, maana zikiziba, injini itapasua sili palepale ulipokuwa unajivuna.

Fundi huyo amesema pia kwamba kopo kubwa la maziwa ya unga, lile lenye kifuniko cha kubana, hufanya kazi ileile. Mpelekee fundi bati yeyote wa hapo Same akuungie vibomba viwili na bolti chini. Hata nusu siku hamalizi. Turbo haina habari na maua. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba kijiji kitakosa lori. Hukulitetea lori, ulitetea raha yako ya kufungua boneti na kutazama.

Vichakani usilipeleke. Atakayeliokota atakuwa mwizi wa pili, nawe utamwendesha yeye pia kwa msako. Birika jingine sikutafutii, kwani sikuajiriwa kukusaidia kumdanganya Yudith. Wala hilo ulilonalo usilirudishe jikoni: chombo kilichokunywa oili ya injini hakipikiwi chai ya binadamu.

Utafanya hivi. Mwambie mkeo kwanza, mkiwa wawili, nyumbani. Atasema mengi, yasikilize yote, na usitoke nje kwa kisingizio cha kukagua magurudumu. Kisha nendeni pamoja kwa Mama Honorata. Usibebe sukari wala kanga, asije akadhani unamnunua. Mwombe radhi mikono mitupu. Kwa mama mkwe usiende peke yako. Mtume mshenga wako, kama desturi inavyotaka, nawe ukae uani mpaka uitwe, hata ikiwa ni siku mbili.

Jumamosi lipeleke lori barazani, ufungue boneti mbele ya Mzee Tumainieli na wote waliopanda nyuma siku ile, useme, "Aliyelichukua ni mimi, na Mama Honorata hana kosa." Habari za turbo usizianze. Ukizianza, wanaume watakusanyika kuisifu mipira yako, na mama wa watu atasahaulika akiwa amesimama pale pale.

Sasa, kuhusu jina lako. Sikulitaja. Lakini anwani ya kijiji iko nyuma ya bahasha, na nimeuliza: gazeti hili hufika kwenu Ijumaa kwa lori lako mwenyewe, na saa kumi alasiri mwalimu wa elimu ya watu wazima hulisoma kwa sauti darasani, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Najua unachowaza wakati huu, ukilisoma hapo Same kabla ya kupanda. Kifurushi cha magazeti kisipotee njiani: mwalimu nimekwisha kumpelekea nakala yake kwa posta.

Basi panda mlima. Hakikisha Yudith na Mama Honorata wameyasikia haya kutoka kinywani mwako kabla ya saa kumi.