Mkeka Ulioimbiwa

Mount Druitt, Sydney
4 Machi

Kwa shangazi yangu Fuatino,

Shikamoo, shangazi. Mguu unaendeleaje? Baba anasema umerudi shambani kung'oa magimbi mwenyewe, kama vile hukuambiwa na daktari upumzike. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, na makopo ya nyama kamkabidhi mjomba akuletee.

Nina habari kubwa: filamu imekwisha! Miaka yote ile ulipokuwa ukiniuliza, "Kuchora katuni ni kazi gani ya mtu mzima?", jibu lake ndilo hili. Tumekitengenezea filamu kile kitabu, Mkeka, ambacho kila mtoto wa Samoa kakisoma shuleni akalia. Mimi nilikisoma hukuhuku, kwa nakala ya baba iliyochanika jalada. Najua ni kitabu kizito. Lakini yetu ni filamu ya familia, ya katuni na nyimbo, mtoto aitazame kapakatwa na bibi yake. Kuna nguruwe anaitwa Kopo, anacheza kriketi na kuimba kuliko mchungaji.

Mimi nimechora sehemu ya ifoga, ile desturi ya kuomba msamaha, pale mzee anapoketi alfajiri mbele ya nyumba ya waliokosewa, kajifunika mkeka wa heshima, kuni na mawe ya kuokea mbele yake, anangoja wamwinulie au wamwache. Nimeichora mpaka nikaiota.

Mchungaji amekubali ionyeshwe katika ukumbi wa kanisa hapo Faletuai, kabla hata ya Apia, mji mkuu. Naomba wewe ufungue kwa sala, kwa lile jina la ukoo, la mkuu wa nyumba yetu, ulilobeba tangu baba ahamie huku, ili watu wajue mimi ni wa nyumba gani. Hilo tu ndilo nalitaka. Bango la filamu limo humu.

Binti wa kaka yako,
Malaea


Faletuai, Savai'i
19 Machi

Mwanangu Malaea,

Marahaba. Mguu upo, unauma mvua ikitaka kunyesha, kwa hiyo nimekuwa mtabiri wa kijiji. Makopo yamefika. Mwambie mama yako Mungu ambariki, ingawa mjomba wako kafika na makopo pungufu na tumbo kubwa.

Sasa hili bango. Ala! Nimelifungua mezani, nikalikunja, nikanywa maji, nikalifungua tena. Kweli ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mzee yuko chini ya mkeka, anacheka? Meno yote nje, na nguruwe kamkalia begani? Mwanangu, aliye chini ya mkeka ule amepeleka kichwa chake kikatwe. Kuni zile na mawe yale maana yake, "Nyama ndiyo sisi, mkitaka tuokeni." Nani alicheka pale? Kitabu kile nakijua. Hakina nguruwe.

Nijibu kama unavyomjibu mwalimu, bila kuzunguka. Katika filamu yenu, yule kijana aliyepigwa gongo la kriketi anakufa? Na mkeka, nani anauinua?

Sala nitaisema nikishajua naombea kitu gani.

Shangazi yako,
Fuatino


Mount Druitt
2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole ya mguu. Mjomba anaapa kwa simu kwamba makopo yalipotelea kwenye feri.

Usinikasirikie, tafadhali. Jibu la kwanza: hafi. Mwongozaji alisema mtu akifa mapema vile watoto watatoka ukumbini wakilia. Kwa hiyo kijana anaanguka mtoni, anapata nundu kichwani, na mambo yanaendelea. (Nundu inaimba kidogo. Sikuichora mimi.)

Jibu la pili: kuna msichana mdogo wa nyumba iliyokosewa, yuko ndani nyuma ya vipazia vya makuti, anachungulia. Watu wazima wote wanakataa. Yeye anatoka mbio, anauinua mkeka, mzee anatoka anacheka, na hapo wimbo mkubwa unaanza, kijiji kizima kinacheza. Kitabuni msichana huyo hayumo, najua. Nilimbuni mimi.

Nilitaka ushtukie ukumbini, lakini kwa kuwa umeuliza nakwambia: sura ni yako. Ile picha yako ya utotoni iliyo ukutani kwetu, nywele zimesukwa upande, gauni lina kola kubwa. Yule msichana anayeinua mkeka ni wewe, shangazi. Umefurahi?

Binti wa kaka yako,
Malaea


Faletuai
16 Aprili

Malaea,

Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikajikuta nimekaa sakafuni.

Baba yako hakukwambia. Simlaumu, wakati ule alikuwa mtoto wa mgongoni. Lakini wewe ulidhani yule mwandishi alikaa chini akabuni tu? Alikuwa mwalimu wetu hapahapa. Alibadilisha majina, basi. Nami kila ulipofika muhula wa kitabu hicho, darasa langu nilimwachia mwalimu mwenzangu.

Kijana aliyepigwa gongo ni kaka yetu Lemeki. Hakupata nundu. Alikufa kabla hawajamfikisha barabarani, na mama alimpakata kichwa mpaka damu ikakauka kwenye gauni lake. Wewe uliambiwa ni homa, maana ndivyo tunavyowaambia watoto.

Kesho yake alfajiri mzee Leuta, baba wa aliyempiga, akaja na mkeka wa heshima akaketi mbele ya nyumba yetu, ukoo wake nyuma yake. Sisi tulikuwa ndani, vipazia vimeshushwa, Lemeki kalazwa katikati ya nyumba. Baba alikaa kaegemea nguzo. Wazee wa kijiji waliingia kumsihi, akawajibu, "Mwanangu hawezi kuinuka. Huyo ainuke kwa nini?" Jua likapanda. Mimi nilikuwa nachungulia penye upenyo wa kipazia. Hapo umebuni sawasawa. Mkeka ulikuwa ukipanda na kushuka kidogo, mtu akihema. Halafu ukatulia. Jioni watu wake wenyewe wakamfunua. Alikuwa amekufa ameketi.

Mtoto hainui mkeka, Malaea. Hata mtoto anayetaka. Ni mwenye jina la ukoo peke yake.

Tangu siku ile ukoo wa Leuta na wetu hatuli pamoja. Siaosi, mwanawe mdogo, kanisani hukaa kushoto, mimi kulia, tunasalimiana kwa nyusi. Sasa unataka aketi ukumbini amwone baba yake akicheza na nguruwe, na mimi nikiwa ndiye niliyemwokoa? Uongo huo utaniua kwa aibu. Uzuie. Ukinipenda, uzuie.

Fuatino, shangazi yako


Mount Druitt
30 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui hata nikuulizeje hali. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za posta, na mama mmoja nisiyemjua akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo.

Nilimpelekea baba. Aliisoma, akaikunja, akatoka na mashine kukata majani ya uani ambayo alikuwa ameyakata jana yake. Nilipomfuata akaniambia, "Shangazi yako ana kumbukumbu nzuri," akaendelea kukata.

Nikamwendea mwongozaji nimwombe abadilishe sura ya msichana. Ni mtu mwema. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlenga, kisha akasema hiyo hasa ndiyo habari itakayouza filamu, niwasimulie waandishi wa magazeti. Nikatoka bila kuaga. Maji yamemwagika, shangazi. Filamu si yangu, mimi ni mkono tu.

Kilichobaki ninachoweza kuzuia ni ukumbi wa hapo. Nimempigia mchungaji. Anasema watoto wameshaushika wimbo kwenye simu, wanauimba hadi shule ya Jumapili, na jenereta kajitolea kuileta Siaosi mwenyewe. Siaosi! Sielewi kitu. Niambie nifanye nini nami nitafanya.

Nisamehe. Nilidhani nakupa zawadi.

Malaea wako


Faletuai
21 Mei

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sijui kama sijambo. Mguu nimeusahau kabisa.

Imeonyeshwa kabla sijapata kukujibu. Nilikwenda, maana nisingekwenda ningekuwa nimejificha, na mwenye jina la ukoo hajifichi. Sala aliisema mchungaji. Nilikaa kulia. Siaosi alikaa mbele kushoto, wajukuu wamemjaa mapajani.

Nguruwe alipotokea watoto walipiga kelele nusura paa ling'oke. Nundu ilipoimba, wazee wakatazamana. Mimi nilikuwa nauma kitambaa. Halafu ikaja ile alfajiri yako. Umechora vizuri, Mungu akusamehe. Ukungu ule, vipazia vile! Msichana akatoka na sura yangu, akakimbia, akainua, mzee akatoka anacheka. Wimbo ukaanza na hakuna aliyeufuata. Vichwa vikaanza kunigeukia kimoja kimoja, nami nimekaza macho mbele.

Ndipo Siaosi akasimama. Nikasema moyoni, leo naumbuliwa.

Akamwambia mtu wa mashine, "Rudisha hapo."

"Wapi, mzee?"

"Hapo anapotoka."

Wakarudisha. Akatazama amesimama vilevile. "Tena." Wakarudisha tena. Mchungaji akamshika mkono: "Siaosi, ndugu yangu, watoto wanataka mwisho." Akamjibu, "Mwisho naujua. Mimi nataka hapa."

Alikuwa analia, Malaea. Mtu mzima, rika langu, mdomo wazi, na mkewe Sapela anamvuta shati, "Kaa chini basi, baba Ana, watu wanatutazama." Nilitegemea hasira. Hasira ningeiweza. Hili sikuliweza, nikatoka nje.

Maisha yangu yote nimejua kwamba wao walitukosea, wakaomba, tukakataa, na kukataa ni haki yetu. Wazee wa ukoo wetu bado wanasema hivyo. Lakini yule mzee alikufa mlangoni kwetu, akiomba, na hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kwenda kwao hata kusema pole. Jumatatu alfajiri nitachukua mkeka wa heshima wa bibi yako, na kuni, na mawe, nikaketi mbele ya nyumba ya Siaosi. Nitakwenda peke yangu. Mjomba wako kaniambia nina wazimu: "Tangu lini waliofiwa wakaenda kuinama?" Nikamwambia tangu Jumatatu.

Akiniacha juani mpaka jioni, ni haki yake, nami sitainuka. Usimwambie baba yako mpaka iwe imekwisha.

Shangazi yako anayekupenda,
Fuatino


Mount Druitt
2 Juni

Shangazi,

Barua yako imefika leo. Jumatatu imeshapita! Simu yako haiiti, ya mchungaji imezimwa. Nimemwambia baba, nisamehe, ningefanyaje? Ametoa begi juu ya kabati. Barua hii anakuja nayo mfukoni. Kama wewe huwezi kuandika, yeyote anayeisoma aniandikie mstari mmoja tu kwamba uko hai.

Shikamoo. Shikamoo, shangazi.

Malaea


Faletuai
8 Juni

Mwanangu Malaea,

Marahaba, marahaba. Niko hai. Pua imebabuka kwa jua na magoti yamekuwa mbao, lakini niko hai. Baba yako kafika salama. Anasema atakuandikia mwenyewe akipata kalamu, nawe unajua hajawahi kuipata.

Nilifika kabla ya jogoo. Nikapanga mawe, nikaketi na kuni mikononi, nikajifunika. Chini ya mkeka ule kuna giza la kahawia na harufu ya sanduku. Sapela akatoka na ufagio, akaniona, akapiga yowe: "Yesu wangu! Siaosi! Siaosi, amka, kuna mtu kwenye mkeka!" Kisha nikasikia vipazia vinashushwa, kimoja baada ya kingine. Nikasema basi, ndivyo itakavyokuwa.

Jua likapanda. Jasho likaniingia machoni na sikulifuta. Watu walikusanyika barabarani, nikaisikia sauti ya mjomba wako, "Mimi nilimwambia." Mchungaji akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mguu ukafa ganzi, nikashukuru. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa nimejiambia siogopi.

Kisha nyayo zikaja, zikasimama mbele yangu. Nikainamisha kichwa, nikangoja Siaosi auvute mkeka au anipige jiwe. Hakuuvuta. Aliinua pembe moja, akaingia chini yake mzima mzima, akaketi kando yangu, akaishusha tena. Tukawa wawili mle gizani, bega kwa bega. Hotuba yote niliyoiandaa ikanitoka kichwani.

Kisha akasema, "Kumbe kuna joto hivi."

Nikasema, "Ndiyo."

"Na mtu anasikia kila kitu."

"Kila kitu."

Akahema. "Fuatino, siku ile mimi nilikuwa huko nyuma kabisa, na watoto. Wewe ulikuwa karibu. Alisema neno lolote?"

Hili halimo kitabuni, wala sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Nikamwambia: "Hakusema. Aliimba." Aliimba wimbo wa sala ya jioni, ule unaoimbwa kila nyumba, kwa sauti ndogo, anakatika pumzi na kuanza tena. Ndani kwetu mama aliusikia, akawa anaufuatisha kwa midomo bila sauti, baba asijue. Ilipofika mchana hakuanza tena.

Siaosi akauliza ni ubeti gani aliokomea. Nikamwimbia mpaka pale. Nilipokoma, naye hakuuendeleza. Tukakaa hivyo, machozi yananitiririka na mikono yangu imeshika kuni, sina cha kufutia.

Mwishowe akanipokonya kuni akaziweka chini. Akaufunua mkeka akaukunja vizuri, kama vile umeazimwa, na jua lote likatuangukia usoni. Nikaona kijiji kizima kimesimama barabarani.

"Twende ndani," akasema. "Umekula?"

Nikasema sijala.

Shangazi yako,
Fuatino