Bosi Kanasa Kwenye Kiti cha Kidoti

Mwenzangu, bosi kanasa kwenye kiti cha Kidoti! Mbele ya wageni!

Kile nilichokichonga kutoka kwenye pipa la plastiki, mtoto wa watu asiyeweza kukaa mwenyewe akakaa wima kwa mara ya kwanza. Si bosi alikiita takataka?

Leo wageni wameingia chumba cha mazoezi ya viungo, bosi akamshusha Kidoti mkekani, akawaambia, "Hiki nimekibuni mwenyewe." MWENYEWE!

Akajibana humo kuwaonyesha, akavuta mkanda, ta! Unajua Kidoti alivyo mtundu, kwa hiyo kifungulio nilikificha chini ya kiti.

Akahangaika mpaka jasho. "Dada, nifungue."

Nikamwuliza polepole, "Kwani bosi, mbunifu hajui kinavyofunguliwa?"

Mimi mikono nyuma.

"Dada, tafadhali."

"Kiti kimetengenezwa na nani, bosi?"

"Na wewe."

"Wageni hawajasikia."

"NA YEYE! Kakitengeneza yeye!"

Ndipo nikapiga magoti, nikabonyeza. Akatoka kwa kutambaa, akaishia mkekani.

Nikamrudisha Kidoti kitini mwake. Leo ndiye aliyemtazama bosi kutoka juu, na akamcheka mpaka mkanda ukatikisika. Sikumkataza.