Ukuta Unaosemwa Uliota Wenyewe

Nyumba za wafanyakazi,
Nyuma ya kiwanda cha nyuzi,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kipimo,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na kwamba kikohozi cha baridi ya huko kimekuacha. Sisi hatujambo, ila goti la mama linamsumbua akipanda ngazi.

Kitabu chako cha picha kimefika, kile cha kiwanda chetu ulichokichorea ramani mpya kiwe maktaba inayopumua kwa upepo na majani. Mama alilibusu jalada. Mimi nikakisoma neno kwa neno mpaka ukurasa wa ukuta wa kaskazini. Umeandika kwamba kiwanda kilipofungwa, mimea iliota yenyewe bila mkono wa mtu, nawe ukaifuata tu.

Kipimo, mkono huo si ndio uliokulisha?

Miaka kumi na moja nimepanda mimea ile kwenye nyufa, nikaifungia nyuzi zilizobaki kwenye mashine yangu ili ipande. Ukifunua majani utaziona hata leo. Kila jioni ndoo sita, kutoka lile tangi la boila linalokinga mvua. Likizo yako ya mwisho ulishika mwanzo wa futi kamba, mimi nikashika mwisho, nikakuonyesha upepo unapoingilia na mbayuwayu wanapojenga. Ukasema, "Dada, mchoraji ni wewe, mimi karani tu." Kumbe ulikuwa ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimeumia. Sikutaka sifa. Ungeandika "dada yangu" ingetosha.

Juzi nilikwenda na ndoo kama kawaida. Mlinzi, yule aliyekuwa fundi wa boila, akanizuia huku akitazama viatu vyake. "Nisamehe dada. Mchoraji kaagiza mtu asiguse mimea, iachiwe maumbile yake." Nikabisha. Akanionyesha sahihi yako, ile ile uliyojifunzia kwenye daftari langu.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Yako naona umeizimua.

Sasa majani ya juu yamekuwa ya njano. Wageni wanayapiga picha, wanasema ndiyo maumbile. Ni kiu tu. Mwandikie mlinzi aniruhusu kuingia, hata kama hutanitaja popote.

Mama anakusalimu, sijamweleza neno. Shangazi mshonaji naye anauliza utakuja lini. Mungu akulinde huko uliko, na akurudishie kumbukumbu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Mkono wa Mtu.