Kama mashini inafukuzaka bwana

Mudogo wangu Rozi,

Sasa hivi tu mutoto wangu Banza amekula kipande ya barua ya kwanza. Hii njo ya pili. Meno yake iko tatu, lakini anajua kuitumikisha! Mama iko muzima, mihogo yake ya Kasungami inatoka muzuri. Anakusalimia sana kule Kalemie.

Unaniuliza kama ujifunze kushona, juu bantu banasema mashini inafukuzaka bwana. Na miye balinambia hivyo. Mu avenyu yetu bashonaji balikuwa bane, hata mumoja hakukuwa na bwana. Niliona na macho yangu, nikaogopa. Siku ya kuanza nilibakia mu kitanda, nikasema tumbo inauma.

Mama Feza, mwenye alipashwa kunifundisha, akakuja mwenyewe. Nikamwambia ukweli. Akacheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka.

"We mutoto! Bwana yangu aliniacha kwanza. Mashini ilikuja nyuma, juu batoto balikuwa na njaa, na kazi ya kufanyia mu nyumba ilikuwa ile tu. Benzangu batatu ni bajane. Mashini njo iliua mabwana?"

Kumbe nilikuwa ninaona vitu mbili pamoja, sikuuliza nini ilitangulia. Toka siku ile, nikisikia kazi fulani inaharibu bantu, ninauliza kwanza benye kuifanya.

Rozi, enda ujiandikishe. Na kama mutu anakutisha, umwambie dada yako iko na mashini, tena iko na… Ngoja, bwana yangu anapiga kelele mu chumba, suruali yake ya misa imepasuka nyuma na kwaya inamungojea, niende nimushonee.